Patasi Juu ya Lino: John Muafangejo na Wagonjwa Waliogeuka Mashahidi



Huku kwetu mashariki, neno "uponyaji" limekuwa neno la semina. Watu waliokimbia vita wanaitwa ndani ya sali, wanakaa chini ya bango, wanaombwa waeleze mateso yao, wanapewa fanta na pesa ya transpoti, kisha kila mmoja anarudi kwake. Sisemi semina zote ni bure. Kuko watu zimewasaidia. Lakini sisi tuliosoma historia tuko na mazoea ya kuuliza: wengine walifanya namna gani mbele yetu? Mtu aliyeumizwa anaanza kupona wakati anapoulizwa maswali, ama wakati anapopewa kazi ambayo itafanya wengine wamwangalie kama mtu anayejua kitu?

Leo ninataka kuwaeleza historia ya watu wa kusini mwa Afrika waliojibu swali hilo kwa patasi na kipande cha sakafu. Wawili kati yao, Azaria Mbatha na John Muafangejo, walipitia kitanda cha hospitali. Wote wawili walitoka pale wakawa mashahidi wa watu wao. Nitakaa zaidi kwa Muafangejo, kwa sababu maisha yake yanafanana mno na yetu: mpaka uliokata kabila, vita, umasikini, na kichwa kilichochoka.

1. LINO NI KITU GANI?

Linoleamu ni kile kitambaa kigumu cha kutandika chini kwenye sakafu. Mwingereza mmoja, Frederick Walton, ndiye aliyekivumbua katika miaka ya 1860. Alichanganya mafuta ya kitani, unga wa gome la mti na vitu vingine, akavipaka juu ya nguo ya juti. Mwangalie vizuri: ile balatumu ya plastiki tunayotandika sebuleni siyo lino ya kweli, hata kama zinafanana kwa macho.

Lino haina mishipa kama ubao. Ukichonga ubao, patasi inafuata njia ya mti. Ukichonga lino, patasi inafuata mkono wako. Ndiyo maana hata mtu asiyepita chuo cha sanaa anaweza kuanza leo na kutoa picha leo. Unachora kwanza, unachonga kwa patasi ndogo zenye mdomo wa V au wa U, unapitisha rola yenye wino juu, unalaza karatasi, unasugua. Kama huna mashine ya kuchapa, mgongo wa kijiko unatosha.

Shikeni mambo mawili, maana nitayarudia. La kwanza: palipochongwa panatoka peupe, palipobaki panatoka peusi. Yaani picha inatokea kwa kile ulichoondoa, na kosa la patasi halifutwi. La pili: kipande kimoja cha lino kinatoa chapa nyingi. Tabulo ya rangi ni moja, inaning'inia kwa tajiri mmoja. Chapa inaweza kukaa kwa mwalimu, kwa padri, ukutani mwa kliniki na kwa jirani, siku moja, na zote ni za halisi.

2. HOSPITALI YA CEZA

Mwaka 1961, vijana wawili wa Sweden, bwana na bibi, Peder na Ulla Gowenius, walifika Afrika ya Kusini. Walikuwa wamesoma sanaa Stockholm, na walitumwa na misheni ya Kilutheri ya kwao. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa katika hospitali ya misheni ya Ceza, Zululand, ambako wagonjwa wengi walikuwa na kifua kikuu.

Munajua namna kifua kikuu kilivyotibiwa wakati ule. Mgonjwa alikaa miezi mingi kitandani, mbali na jamaa, akingoja. Ugonjwa ulikula mapafu, kungoja kukala moyo. Wale Gowenius waliletwa ili wagonjwa wapate shughuli ya mikono. Wanawake walifuma na kushona. Na kijana mmoja, Azaria Mbatha, aliyezaliwa 1941, alipewa lino.

Hospitali nyingi zinampa mgonjwa shughuli ili siku ipite. Mbatha hakuchonga ili siku ipite. Alianza kuchonga hadithi za Biblia, hadithi alizozisikia tangu utoto, lakini alizihamisha: watu wake watakatifu wana sura nyeusi, wanavaa na kukaa kama watu wa kwake. Alipochonga habari ya Daudi na Goliati, kila mtu katika Afrika ya Kusini ya miaka ya 1960 aliweza kuelewa jitu ni nani na mtoto mwenye kombeo ni nani. Hakuhitaji kuandika neno hata moja ambalo polisi angelishika.

Huyo alikuwa mgonjwa! Mtu aliyelala kwa kifua aliinuka akiwa na lugha yake mwenyewe. Baadaye alikwenda kusoma Stockholm, akarudi kufundisha, halafu akahamia Sweden moja kwa moja, kwa sababu nchi yake haikuwa na nafasi kwa mtu kama yeye. Alifia huko mwaka 2018.

3. MAHALI PA VITA PANAGEUKA SHULE

Kutoka Ceza kazi ilikua. Mwaka 1963 kituo kilihamia Rorke's Drift, kando ya mto Buffalo. Waliosoma historia ya Afrika wanajua jina hilo. Hapo ndipo tarehe 22 na 23 Januari 1879 askari wa Kiingereza, kama 150 hivi, walijifungia ndani ya majengo ya misheni na kupigana na maelfu ya Wazulu usiku kucha. Waingereza waliliimba pigano hilo kwa miaka mia moja. Sauti ya Wazulu waliolala pale nje haikuingia vitabuni.

Mahali hapo hapo pakawa shule ya sanaa. Na lazima tukumbuke hali ya nchi. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ilikusudia kumpa mtoto mweusi masomo ya kumfanya mtumishi tu. Kwa mtu mweusi aliyetaka kusoma sanaa kwa dhati, milango ilihesabika kwa vidole. Rorke's Drift ilikuwa mmoja wao. Kitengo chake cha sanaa kilifungwa 1982, lakini kabla ya hapo kilitoa kizazi kizima: Dan Rakgoathe, Cyprian Shilakoe, Bongiwe Dhlomo, Sam Nhlengethwa, na wengine wengi ambao kazi zao leo ziko katika makumbusho makubwa.

Juu ya nini walichonga sana lino, wasipake tu rangi? Kuko sababu ya mfuko: lino na wino mweusi ni bei nafuu kuliko rangi za mafuta. Kuko pia sababu nyingine. Nyeusi na nyeupe, katika nchi ile, haikuwa rangi tu, ilikuwa sheria. Kijana mweusi aliyeshika patasi aliamua mwenyewe, kila siku, wapi peusi pakae na wapi peupe paingie.

4. MTOTO WA MPAKA

Sasa tumfikie John Muafangejo. Alizaliwa mwaka 1943 upande wa Angola, katika watu wa Kwanyama. Mwaka 1886, Wareno na Wajerumani waliandikiana mpaka uliopita katikati ya nchi ya Wakwanyama. Nusu Angola, nusu nchi inayoitwa leo Namibia. Walunda wa Katanga, walio pia Angola na Zambia, hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Mfalme wao wa mwisho, Mandume ya Ndemufayo, alikataa kutawaliwa na pande zote mbili. Aliuawa Februari 1917 akipigana na majeshi ya Afrika ya Kusini. Muafangejo atamchonga mara kadhaa.

Baba yake alipofariki, mama alibaki bila kitu. Alivuka mpaka akaenda misheni ya Kianglikana ya Epinga, na mtoto akamfuata. Wamisionari waliona mkono wake unavyochora, wakamtafutia nafasi. Mwishoni mwa 1967 alifika Rorke's Drift, mbali sana na kwao, kati ya watu wa lugha nyingine, chini ya sheria za ubaguzi.

Mwaka uliofuata kichwa kikakataa. Alipatwa na ugonjwa wa akili, akalazwa katika hospitali ya Madadeni. Munajua vile tunavyosema huku: "Ule amerogwa", ama "Ule masomo yamempita". Mtu akipata ugonjwa wa namna hiyo, jamaa wanaficha, marafiki wanapunguza kupita. Wengi wanatolewa masomo na jina lao linafutika. Yeye alirudi darasani, akaendelea kuchonga, akamaliza 1969. Hapo ninaona ile shule ilifanya kitu kikubwa kuliko dawa peke yake: ilimwekea nafasi yake mezani.

Mwaka ule ule wa 1969 alichonga pigano la Rorke's Drift. Fikirini: mgeni kutoka Owambo, aliyetoka hospitali jana, anasimama mahali pale pale na kuandika upya vita vya 1879. Katika chapa yake Wazulu siyo kivuli kinachozunguka nyumba ya wazungu. Ni watu wengi, wanajaza karatasi, wako na miili na silaha na hasara yao. Picha hiyo aliirudia tena baadaye maishani.

5. KUANDIKA KWA KINYUME

Ukiangalia chapa ya Muafangejo, kitu cha kwanza kinachokushika ni maneno. Anaandika ndani ya picha, kwa Kiingereza chake mwenyewe, kisichofuata mwalimu. Anaandika tarehe, majina ya watu, majina ya mahali, nani alifanya nini. Na kumbuka, kwenye lino kila herufi inachongwa kinyume, kama kwenye kioo, ili itoke sawa kwenye karatasi. Ule mtu alichonga sentensi nzima-nzima kinyume!

Nimewaza sana juu ya jambo hilo. Mtu ambaye akili ilimchanganyikia anakaa na kipande cha lino, anageuza maneno polepole, moja moja, mpaka yasomeke na kila mtu. Sitaki kufanya udaktari nisiousomea. Lakini hata asiye daktari anaona kwamba kazi hiyo inadai utulivu na mpangilio, na mwisho wake ni kitu kinachoeleweka na mwingine. Ndani ya kichwa uchungu hauna mwanzo wala mwisho. Ndani ya lino uko na kona nne.

Naye hakuficha mambo yake. Mwaka 1971 alichonga mahojiano aliyofanyiwa kwenye Chuo Kikuu cha Cape Town, yeye mwenyewe akiwa ndani ya picha. Mwaka 1974 alichonga mtu mpweke, na anayejua maisha yake anajua mpweke huyo ni nani. Alichonga pia arusi, mavuno, maaskofu, ng'ombe, shule. Kwake yeye upweke wa mtu na habari za parokia vilikuwa vya daftari moja. Aliacha zaidi ya chapa 200.

6. WAKATI MASHINE YA KUCHAPA ILIPOLIPULIWA

Mutaniuliza: sawa, yeye alipona kidogo, lakini jamii ilipata nini? Twende Oniipa.

Kaskazini ya Namibia ilikuwa eneo la vita. Afrika ya Kusini ilishika nchi hiyo tangu 1915, na kuanzia 1966 SWAPO ilikuwa imechukua silaha. Pale Oniipa Kanisa la Kilutheri lilikuwa na kiwanda cha kuchapa kilichotoa vitabu na gazeti katika lugha za wenyeji. Gazeti hilo lilisema yale ambayo serikali haikutaka yasemwe. Mwaka 1973 kiwanda kililipuliwa kwa bomu. Watu wakakijenga upya. Mwaka 1980 kikalipuliwa tena. Wakakijenga tena.

Muafangejo, aliyekuwa amerudi kwao kufundisha kwenye misheni ya Odibo na halafu akahamia Katutura, mtaa wa weusi wa Windhoek, mwaka 1977, alichonga habari hiyo. Hakuchonga moto peke yake. Alichonga ujenzi mpya. Mimi ninaona hapo ndipo moyo wa kazi yake ulipo. Mashine ya kuchapa imevunjwa. Mchongaji anachukua lino na kuchapa habari za mashine iliyovunjwa na watu walioisimamisha tena. Bomu linaua mashine kubwa, lakini haliwezi kufika kwenye kila kijiko na kila kipande cha lino.

Mwaka 1984, vita vikiwa vikali, alitoa chapa ambayo jina lake kwa lugha yetu ni kama "Matumaini na moyo mwema hata katika magumu ya sasa". Mtu angeweza kucheka na kusema ni maneno ya mahubiri. Lakini angalieni aliyeyasema: mtoto wa mjane mkimbizi, mtu aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili, anayeishi Katutura chini ya ubaguzi. Matumaini yakitoka kwa mtu kama huyo hayawi ya bei rahisi. Chapa hiyo ikawa moja ya zinazojulikana sana kati ya kazi zake.

Alifariki Novemba 1987, moyo ulisimama ghafula, akiwa na miaka 44. Uhuru wa Namibia ulikuja tarehe 21 Machi 1990, hakuuona. Baada ya uhuru, kituo cha kufundishia sanaa mjini Windhoek kilipewa jina lake. Na vijana wengi wa Namibia, kwa kuwa lino ilikuwa bei, wakajifunza kuchonga juu ya kartoni, zile za masanduku ya bidhaa. Leo chapa za kartoni ni alama ya nchi hiyo.

7. TUSIIMBE SIFA BILA HESABU

Ningeishia hapo, ningekuwa nimewadanganya kidogo. Sanaa haikumponya mtu yeyote kabisa-kabisa. Muafangejo alibaki mpweke kwa miaka mingi. Mbatha alipona kifua, lakini alizeekea ugenini. Na Thami Mnyele, aliyepita Rorke's Drift mwaka 1973 na kisha kuchora mabango ya kupinga ubaguzi akiwa na kundi la Medu pale Gaborone, aliuawa na makomando wa Afrika ya Kusini tarehe 14 Juni 1985. Serikali haitumi makomando kuvuka mpaka usiku kwa ajili ya picha zisizo na nguvu. Hiyo ndiyo hesabu: chapa inayobadilisha jamii inamweka mchongaji hatarini.

Kwa hiyo ninaposema "kupona", sisemi maumivu kwisha. Ninasema mtu kutoka kwenye nafasi ya anayesimuliwa na kuingia kwenye nafasi ya anayesimulia.

8. JOHANNESBURG: SALA ZA KARATASI

Hadithi haikufa na kufungwa kwa Rorke's Drift. Mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Mandela kutoka gerezani, Kim Berman, mama mzungu mchongaji, na Nhlanhla Xaba, mchoraji mweusi, walifungua atelie ya kuchapa mjini Johannesburg, inayoitwa Artist Proof Studio. Walitaka vijana wa mitaa ya masikini wajifunze ufundi kamili, na weusi kwa weupe wafanye kazi kwenye mashine moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 SIDA ilikuwa inafagia nchi, na watu walikufa katika kimya. Jamaa walisema "alikufa kwa homa", mazishi yanaisha, hakuna anayetaja neno. Juu yake, serikali ya Thabo Mbeki ilisitasita kutoa dawa. Atelie ile ikaanzisha kazi iliyoitwa Sala za Karatasi, wazo lililotoka kwenye desturi ya Japani ya kutundika vipande vya karatasi kama maombi. Watu wa kliniki, shule na vikundi vya akina mama walikaa pamoja, kila mmoja akatengeneza kipande chembamba cha karatasi chenye chapa ama mchoro kwa ajili ya mgonjwa anayemjua. Mikono ikifanya kazi, mdomo unafunguka. Mama ambaye hangesimama mbele ya sali kusema "mtoto wangu alikufa na SIDA" anaweza kulisema akiangalia karatasi yake, bila kumwangalia mtu machoni. Na akimaliza ana kitu cha kutundika ukutani pamoja na vya wengine. Uchungu uliokuwa wa nyumba moja unaonekana kuwa wa kartie nzima. Kutoka hapo ndipo watu wanaanza kudai dawa na huduma.

Machi 2003 moto uliteketeza ile atelie. Nhlanhla Xaba alikuwa ndani. Alifia humo, pamoja na kazi nyingi za miaka. Tazameni sasa: nyumba iliyofundisha watu kubeba msiba ikapata msiba wake. Wangeweza kufunga. Walifungua tena, na wanafunzi wakaendelea kuingia. Kama Oniipa.

9. NA SISI?

Bandugu, kwetu hatuanzii sufuri. Elisabethville ya mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie ya Le Hangar, akatoka Bela, Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Ndege wao, samaki wao na wanyama wao ni wazuri mno, na dunia inawajua. Lakini katika zile picha zilizotembea duniani, mfanyakazi wa mgodi haonekani sana.

Halafu akaja Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi katika picha zaidi ya mia moja: wakati wa mababu, Wabelgiji, Lumumba, Mobutu. Alimweleza mtafiti Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili, Kiswahili hiki chetu cha Katanga. Na kama Muafangejo, aliandika maneno ndani ya picha, yeye kwa Kifaransa chake mwenyewe. Watu wawili wasiojuana, wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa Angola, walifanya kitu kimoja: walikataa historia yao iandikwe na wengine peke yao. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Sisi wenye diplome ya historia tungemwita hivyo mbele yake? Jibu lenu likae moyoni.

Tofauti moja iko. Picha za Tshibumba zilikuwa moja moja, na nyingi zilichukuliwa mbali. Chapa ingebaki pia hapa. Ndiyo maana ninadhani njia ya lino inatufaa leo, kwa wakimbizi wa Goma, katika shule za Uvira, katika vitongoji vya Bukavu, hata Kolwezi kwa watoto waliochimba. Siyo lazima lino ya kutoka Ulaya. Namibia imetuonyesha kartoni. Mpira wa gurudumu unakatika. Wino na rola ndivyo vya kununua, na vikundi vitano vinaweza kutumia rola moja.

Lakini tusiige vifaa tukaacha kanuni. Kutoka Ceza mpaka Johannesburg ninaona kanuni tatu. Moja: mgonjwa apewe ufundi wa kweli, hatua kwa hatua, mpaka aweze kumfundisha mwingine, siyo mchezo wa siku mbili wa kupiga naye picha kwa ajili ya ripoti. Mbili: habari ibaki ya kwake. Mbatha aliamua sura za watakatifu wake, Muafangejo aliamua maneno yake. Hakuna aliyewasahihishia uchungu wao. Tatu: chapa zirudi kwa watu. Zikienda zote Brussels ama Paris, hata kwa bei nzuri, kijiji kitabaki bila kioo.

Sisi tuliosoma tuko na kazi yetu hapo, nayo siyo kushika patasi kwa nguvu mahali pa mwenyewe. Ni kutafuta chumba, kukaa pembeni, kuandika tarehe na majina sawasawa, na kulinda usalama wa yule anayechonga, maana habari ya kweli katika nchi yetu bado inaweza kumtia mtu hatarini. Kuko mama katika kartie yako anayejua siku kijiji chake kilipochomwa, nani alitoka wapi na nani hakutoka. Ameulizwa mara kumi na wageni, na kila mara daftari liliondoka na mgeni. Je, tuko tayari kumpa patasi, na karatasi ibaki kwake?